Risala ya Kamati ya Maandalizi ya Mashindano ya Ubunifu wa Kijamii kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri, walezi wa timu na waheshimiwa majaji,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Barua yetu ilikukuta na shughuli nyingi, na katibu muhtasi wako tulimpigia simu mara nyingi kuliko ilivyo adabu. Tunamwomba radhi kupitia kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Muda si mrefu timu zitapanda hapa kueleza mawazo yao, kisha utamkabidhi mshindi ile hundi ya mfano, kubwa kama mlango, isiyopokewa na benki yoyote. Picha zitapigwa. Nasi tumeona risala hii iwe ya wale ambao hawatakuwemo kwenye picha.

Mashindano ya aina hii yaliletwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1999 wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianzisha shindano la biashara zinazotatua kero za jamii. Miaka kumi baadaye Ahmad Ashkar, naye akiwa mwanafunzi wa biashara, alibuni shindano ambalo leo linajulikana kama Hult Prize. Zawadi yake ya dola milioni 1 ilitokana na ukarimu wa Bertil Hult, mfanyabiashara wa Sweden. Jina la mfadhili limebaki kwenye kombe. La mwanafunzi aliyelianzisha wengi wetu hatukulijua mpaka tulipokaa kuandika risala hii.

Ndivyo mambo yalivyo, na si huko tu. Kila anayezungumzia biashara ya kijamii humtaja Profesa Muhammad Yunus, aliyeanzisha Benki ya Grameen, inayowakopesha maskini, na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Lakini mwanzo wake ulikuwa kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, na kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani anadaiwa na kiasi gani ilifanywa na mwanafunzi wake. Orodha iliporudi ilikuwa na majina 42, na deni lao wote kwa pamoja halikufika dola 27. Bila orodha ile profesa angeendelea kufundisha nadharia ya uchumi darasani, na pengine angeifundisha vizuri sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Katika mashindano yetu waandika orodha hao tunao. Wapo wanafunzi wa kujitolea waliopanga ukumbi huu jana usiku na leo asubuhi wakaenda kufanya mtihani. Wapo walezi wa timu, wahadhiri wanaosoma andiko la mradi mara ya nne ilhali kazi hiyo haihesabiwi popote wakati wa kupandishwa vyeo. Wapo majaji, ambao wanafunzi huwaogopa, nasi tunakiri kwamba jaji mpole hatusaidii. Swali gumu likiulizwa hapa linauma kwa dakika mbili. Likisubiri mpaka mradi ufike kwa watu, linakula fedha za watu.

Kundi la mwisho ndilo tunalolisahau kila mwaka: wananchi wanaokubali kuhojiwa. Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipewa kazi ya kubuni mashine nafuu ya kuwatunza watoto njiti. Mmoja wao alisafiri hadi Nepal, akakuta hospitalini mashine zipo lakini hazina watoto, kwa sababu watoto walikuwa wakifariki vijijini kabla ya kufikishwa hospitali. Wakaachana na wazo la kupunguza bei ya mashine. Wakatengeneza kifuko kama blanketi, chenye nta inayotunza joto kwa saa kadhaa hata pasipo umeme, na kazi hiyo ikazaa mradi wa Embrace. Waliogeuza wazo lile ni watu waliotoa muda wao kumjibu mgeni, wala hawakuwa wameshindania chochote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Changamoto zetu hatutazirefusha. Ukumbi ni mdogo, intaneti inakatika, ufadhili huchelewa. Hayo umeyasikia katika kila risala uliyowahi kusomewa. Inayotuumiza ni moja: miradi mingi hufa baada ya makofi. Washindi wanahitimu, wanatawanyika kutafuta ajira, na wale waliohojiwa hubaki wakiuliza wale vijana wameishia wapi. Tumewahi kukutana na swali hilo ana kwa ana, na hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. Kwanza, zawadi ya fedha isitolewe yote siku ya leo. Sehemu yake itolewe timu itakaporudi na ushahidi kwamba imeanza kazi pamoja na wananchi iliowahoji. Tunajua washiriki waliomo humu watatuchukia kwa ombi hili. Pili, utusaidie kuushawishi uongozi wa chuo uhesabu kazi ya ulezi wa timu kuwa sehemu ya majukumu ya mhadhiri. Tatu, kuanzia mwakani meza ya majaji iwe na kiti cha mwananchi mmoja anayeishi na tatizo linaloshindaniwa, mwenye alama sawa na majaji wengine.

Ombi la tatu lina historia. Mwaka huu timu moja ilibuni kichujio cha maji chenye kutoa taarifa kwenye simu, sote tukakisifu. Mama mmoja aliyeonyeshwa mfano wake aliuliza kitu kimoja tu: kikiziba, nani atakizibua ninyi mkiwa mmeondoka? Timu ilirudi nyumbani ikaanza upya, na kichujio utakachokiona leo kinafunguliwa kwa mkono na kusafishwa kwa brashi ya kawaida.

Mama huyo tumemwalika, ameketi safu ya tatu upande wako wa kulia. Tunakuomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hatujaita timu ya kwanza, umpe mkono.

Tunakukaribisha.