Mwanangu anatema maziwa ya kikombe, na mwezi wa kumi naenda masomoni

Mhariri, asalaam aleikum, wewe pamoja na wasomaji wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Muheza mkoani Tanga. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne, wa kwanza, na bado ananyonya. Mwezi wa kumi naanza masomo Korogwe. Nitakuwa nalala huko kuanzia Jumatatu na kurudi Ijumaa jioni, maana vipindi vinaanza asubuhi mapema na nauli ya kwenda na kurudi kila siku siiwezi. Mtoto atabaki na baba yake pamoja na bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye ua mmoja. Kwa malezi sina wasiwasi hata kidogo, mama yule amelea watoto na wajukuu. Wasiwasi wangu ni maziwa.

Kikombe chenyewe mtoto anakijua. Maji anakunywa mwenyewe, anakishika kwa mikono miwili. Juisi ya machungwa, ambayo huku kwetu haikosekani, anamaliza na kunyoosha kikombe aongezwe. Lakini weka maziwa ya ng'ombe ndani ya kikombe kilekile: anaonja, anatema, anausukuma mkono wako, kisha anakuja kwangu kunivuta nguo huku akisema "nyonyo". Akiwa na bibi yake na mimi nipo shuleni, hatemi kwa nguvu sana, ila bado hamezi zaidi ya funda moja au mbili. Nikishaingia mlangoni hata hizo funda zinakwisha.

Maziwa tunayo, na ni mazuri. Mama mkwe anafuga ng'ombe wawili wa kisasa na kila asubuhi anatutolea lita yetu. Tunayachemsha mpaka yafoke ndipo tunayatumia, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na ile homa ya kutupa mimba ya mifugo, ambayo binadamu pia anaipata. Jirani mmoja ameniambia ninunue maziwa ya kopo, ya unga, eti ndiyo yanayomfaa mtoto anayeacha ziwa. Nilipouliza kliniki nikaambiwa mtoto aliyepita mwaka mmoja hana haja ya maziwa ya kopo, ya ng'ombe yaliyochemshwa yanamtosha. Wifi yangu naye alileta chupa ya chuchu. Nimemshukuru na nikaiweka kabatini. Mtoto aliyefika umri huu bila chupa sioni sababu ya kumwanzishia leo. Chuchu na kona za chupa ni ngumu kusafisha, uchafu unajificha, mtoto anaharisha. Kikombe unakiosha kwa maji na sabuni, ukakitazama ukaona kila mahali pamesafika.

Sasa kuna jambo la chai, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Mama mkwe amegundua kwamba akimpa chai ya maziwa yenye sukari, mtoto anakunywa kikombe kizima. Kwa hiyo nyumbani wote wanaona shida imekwisha: si anakunywa maziwa? Mimi naona haijaisha. Majani ya chai yanazuia mwili wa mtoto kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na madini hayo ndiyo yanayomkinga na upungufu wa damu. Tena maziwa ya ng'ombe yenyewe yana chuma kidogo. Ukichanganya na sukari ya asubuhi na jioni kwenye meno yanayoota, sioni tumepata nini. Lakini nitamwambiaje? Ni mama yangu, ndiye atakayekesha na mtoto nikiwa mbali, na chai anampa kwa upendo. Nikimkataza leo na mwezi wa kumi namwachia mtoto, naogopa ataona namfundisha kazi aliyoifanya kabla sijazaliwa.

Kuhusu kuachisha kwenyewe, kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema nipake shubiri kwenye chuchu, mtoto aonje ukali mara moja mbili, atasahau mwenyewe, kwani ndivyo alivyowalikiza watoto wake wote. Shangazi yangu wa Pangani anataka nimpeleke kwake akae wiki nzima asinione, nikimfuata atakuwa ameshaacha. Wengine wanataja pilipili. Siwadharau wazee wangu, lakini moyo wangu umekataa. Mtoto huyu akiumia anakimbilia kwangu, akiogopa anakimbilia kwangu, na pale anapokimbilia sitaki pawe pachungu ghafla, halafu wiki inayofuata nitoweke. Atapoteza ziwa na mama kwa mpigo mmoja. Na pilipili kwenye ngozi ya titi na mdomo wa mtoto mdogo sikubaliani nayo kabisa.

Baba mtoto yeye anataka anyonye miaka miwili kamili, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 233. Nami naipenda hiyo. Kliniki pia ndivyo wanavyotuambia, na ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha mtoto aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Lakini aya hiyohiyo inaendelea kusema kwamba wazazi wakiridhiana na kushauriana kumwachisha kabla, si dhambi kwao. Tumekaa tukaisoma pamoja usiku mmoja, na tumekubaliana hivi: mchana na siku za masomo awe na kikombe, na kama inawezekana, Ijumaa usiku hadi Jumatatu alfajiri aendelee kunyonya mpaka atimize miaka miwili. Hapa ndipo ninapohitaji ninyi mlionitangulia.

Nieleze tulipofikia. Ziwa la saa nne asubuhi amelisahau bila vita, siku za kazi sipo na siku za mapumziko bibi anamtoa nje kwa kuku. La mchana linaelekea kuisha. Maziwa nimeanza kukamua yangu kwa mkono na kumpa kwenye kikombe, ladha aijuayo, akiwa amekaa wima mapajani, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini ili avute mwenyewe bila kumwagiwa. Hayo anayakubali, ingawa kwa kusuasua. Mpango wangu ni kuongeza maziwa ya ng'ombe kidogo kidogo ndani ya yangu mpaka ladha ihame. Mtindi usiotiwa sukari, uliopondewa ndizi mbivu, anaula kwa kijiko vizuri sana. Uji wa lishe uliopikiwa maziwa pia anakunywa. Chakula hana shida nacho: dagaa wa kusaga kwenye maharage, kisamvu, yai, wali, ugali laini.

Muuguzi aliniambia mtoto aliyeacha ziwa kabisa lakini anapata samaki, nyama au mayai mara kwa mara anahitaji mililita 200 hadi 400 tu za maziwa kwa siku, na kwamba yakizidi sana, kuvuka nusu lita, tumbo linajaa maziwa na chakula kinabaki. Nilishusha pumzi kidogo. Je, nikihesabu mtindi na maziwa ya ndani ya uji, naweza kuacha kuhangaika na kikombe cha maziwa matupu? Kuna mama ambaye mtoto wake alipita njia hiyo na uzito wake kwenye kadi ukaendelea kupanda?

Usiku ndio mlima. Ananyonya akilala, ananyonya saa nane, ananyonya tena alfajiri. Hajawahi kulala bila ziwa mdomoni. Baba yake yuko tayari, ameshaanza kumbeba na kumwimbia, lakini mimi nikiwa nyumba moja mtoto ananusa nilipo na analia mpaka anatapika. Wapo wanaosema baba aanze kulala naye chumba kingine tangu sasa, mimi nikiwa karibu kwa dharura. Wapo wanaosema nimnyonyeshe hadi usiku wa mwisho, na atazoea haraka nikiwa sipo kuliko nikiwepo na kumnyima. Naona mantiki ya pande zote mbili na siwezi kuchagua.

Halafu kuna mwili wangu. Maziwa hutoka kadiri yanavyonyonywa, kwa hiyo najua nikilala Korogwe usiku nne mfululizo matiti yatajaa na kuwa magumu, na yakiachwa hivyo yanaweza kuvimba na hata kufanya jipu. Nimeshauriwa nikamue kiasi cha kupata nafuu tu, nisiyamalize. Bwenini tutakuwa wengi chumba kimoja, sijui nitakamulia wapi. Na kuyahifadhi niyarudishe nyumbani haiwezekani. Maziwa ya mama nje ya jokofu hayavuki masaa manne salama, na joto letu mnalijua, hata hayo manne siyaamini. Je, kwa mtindo huu wa siku mbili au tatu kwa wiki, maziwa hubaki, au hukauka yenyewe ndani ya mwezi? Na mtoto, akipata ziwa Ijumaa na kulikosa Jumatatu, anaelewa utaratibu au kila wiki ni kilio kipya? Kama ni hilo la pili, ni afadhali nimwachishe moja kwa moja kabla sijaondoka, taratibu, nikiwa naye.

Nawaomba hasa walimu wenzangu, wauguzi wa zamu za usiku, na kina mama wa biashara wanaosafiri kufuata mzigo: mlifanyaje usiku wa kwanza, nani alimlaza mtoto, na akiamka saa nane alipewa nini? Na aliyewahi kumwambia mama mkwe wake kuhusu chai bila kumvunja moyo, tafadhali aniandikie maneno yenyewe aliyoyatumia. Nina mwezi mmoja na nusu.

Mama wa mtoto mmoja,
Muheza, Tanga