Mwenye kisukari asisubiri macho yafifie

Mhariri,

Ukimuuliza mgonjwa wa kisukari kwa nini hajapima macho, jibu huwa lile lile: "Mbona naona vizuri." Jibu hilo linatuumiza, kwa sababu kisukari huharibu jicho bila maumivu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa midogo ya damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hudhoofika na kuvujisha maji. Mishipa mingine huziba. Retina ikikosa damu ya kutosha huotesha mishipa mipya, nayo ni dhaifu, hupasuka na damu kuvujia ndani ya jicho. Kabla ya hapo mtu anaweza kusoma herufi zote za ukutani, maadamu sehemu ya katikati ya retina haijaguswa.

Ndiyo maana kusomeshwa herufi hakutoshi. Mgonjwa aombe matone ya kupanua mboni, asubiri kama nusu saa, kisha retina ichunguzwe. Kwa saa kadhaa ataona ukungu na jua litamuumiza. Aende na kofia, asiendeshe baiskeli wala pikipiki. Mwenye kisukari aina ya 2 apimwe mara anapogundulika, kwani huenda ugonjwa umekuwamo mwilini miaka kadhaa kimyakimya. Wa aina ya 1, ndani ya miaka 5 tangu agundulike. Baada ya hapo, kila mwaka. Mwanamke mwenye kisukari akishika mimba apimwe miezi ya mwanzo, maana ujauzito huweza kuharakisha madhara haya.

Wengine hukimbilia miwani ya sokoni. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika na uoni pia, ikishuka, hurudi. Miwani ya wiki ile sukari iko juu, 18 mmol/L kwenye kipimo, huenda isifae mwezi ujao. Sukari itulie kwanza wiki kadhaa, ndipo apimwe miwani. Uchunguzi wa retina usisubiri hilo.

Na kwa kuwa tuko Tabora, lazima tuitaje asali. Ni nzuri, lakini kijiko kimoja cha chakula kina takribani gramu 17 za sukari. Kuitia kwenye chai badala ya sukari hakumsaidii mgonjwa. Presha nayo idhibitiwe, maana huongeza uharibifu wa mishipa hiyo hiyo.

Anayeona ghafla vidoa vyeusi vingi vikielea, au kama pazia limeshuka, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mionzi ya leza na sindano za ndani ya jicho huzuia madhara yasiendelee, ila uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi wote.

Tunaziomba kliniki za kisukari, kuanzia mjini hadi Urambo na Sikonge: kwenye daftari la mgonjwa, kando ya sukari na presha, iandikwe pia tarehe aliyochunguzwa retina.

Wahudumu wa afya ya macho,
Tabora