Flaiwili kuingia kwenye shafti si kipimo cha kufaa

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa magari kuhusu ovahoo ya injini za rota za Mazda, zinazotumia rota za pembetatu badala ya pistoni, ilieleza vizuri sili za ncha na springi zake. Ilipofika kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ikasema flaiwili ya 13B yoyote, injini ya Mazda ya rota mbili, inafaa 13B nyingine. Atakayeifuata sentensi hiyo anaweza kuua injini mpya.

Kuingia, zinaingia. Mkia wa shafti uliochongoka na njia ya kii, kipande kidogo cha chuma kinachoelekeza flaiwili, vinalingana kwa matoleo ya miaka mingi, na hapo ndipo mafundi wengi wanaponaswa. Kinachotofautiana ni uzito wa rota, na uzito wa rota ndio unaoamua vyuma vya kusawazisha, cha mbele na cha nyuma.

Injini ya rota mbili ina vibonge viwili vya shafti vilivyopishana kwa nyuzi 180, kila kimoja kikiwa nje ya mhimili kwa milimita 15. Rota zikiwa na uzito sawa, mvuto wa moja unafuta wa mwenzake. Lakini haziko mahali pamoja: moja iko mbele, nyingine nyuma, kwa hiyo shafti inapindwa kama usukani wa baiskeli unaovutwa kwa mkono mmoja na kusukumwa kwa mwingine. Vyuma vya kusawazisha vinapinda upande wa pili kwa nguvu ileile. Ndiyo maana hubadilishwa viwili kwa pamoja. Kubadilisha cha nyuma na kuacha cha mbele ni kazi nusu.

Sasa tuseme kila rota imepungua gramu 100 na vyuma vya zamani vimebaki. Kwa mizunguko 800 kwa dakika, kosa hilo ni kama nguvu ya kilo moja kwenye kila kibonge. Dereva hasikii kitu. Kwa mizunguko 7,000 ni kama kilo 82, kwa sababu nguvu hii hupanda kwa mraba wa mwendo. Injini inatulia vizuri ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, mteja anaondoka ameridhika, na beringi za gia tuli, zinazobeba shafti, zinaanza kuliwa upande mmoja kila anapokanyaga mafuta. Kwa hiyo kuisikiliza injini gari likiwa limesimama hakuthibitishi chochote.

Mfano wa kawaida ni gari la Mazda RX-7 la 1986 hadi 1988 lisilo na tabo, lenye uwiano wa mgandamizo wa 9.4 kwa 1. Wengi hulitafutia rota za 1989 hadi 1991 zenye 9.7. Rota hizo ni nyepesi kuliko za awali, hivyo vyuma vya zamani vinazizidi nguvu. Anayepandisha rota za RX-8, zenye mgandamizo wa 10.0 na nyepesi zaidi, anakuwa mbali zaidi na balansi. Njia ni mbili tu: pata vyuma vyote viwili vya familia ya rota ulizonazo, au peleka shafti, vyuma na flaiwili kwenye mashine ya kubalansi. Huko hufungwa vizito vya kuigiza rota kwenye vibonge, kwa hesabu inayojumuisha sili, beringi na oili inayokaa ndani ya rota. Fundi wa mashine asiyeuliza kuhusu oili, msiachieni kazi.

Kabla ya hapo, angalieni herufi iliyogongwa usoni mwa kila rota, kati ya a na e. Ni daraja la uzito. Rota mbili za injini moja ziwe na herufi ileile, au zinazofuatana.

Kuhusu flaiwili yenyewe: ile ya kiwandani kwa giaboksi ya manyuo ina chuma cha kusawazisha ndani yake. Igeuze uone, upande mmoja una nyama nyingi kuliko mwingine. Gari la otomatiki lina chuma cha nyuma peke yake, na bamba la giaboksi linafungwa juu yake kwa boliti. Flaiwili nyepesi za aluminiamu au chuma zinazouzwa na watengenezaji wengine ni duara lisiloegemea upande, kwa hiyo zinahitaji chuma hicho cha otomatiki, cha mwaka wa rota, si cha mwaka wa gari. Kikiwa sahihi, wepesi wa flaiwili hauharibu balansi.

Nati ya flaiwili ni ya milimita 54. Wakati wa kufungua, ilegezeni mizunguko michache tu na muiache kwenye nyuzi za shafti, kisha mtumie pula, kifaa cha kuvutia flaiwili. Flaiwili huachia kwa kishindo, na nati ndiyo inayoizuia isiruke. Msigonge meno. Wakati wa kufunga, sehemu iliyochongoka iwe kavu kabisa, bila hata alama ya oili, kwa kuwa ndiyo inayoshika. Kii ni ya kuelekeza tu. Nyuzi zipate gundi ya kufungia, na uso wa nati upakwe silikoni, maana oili hupita kwenye njia ya kii na kutokea chini ya nati. Wengi hulaumu sili ya nyuma, wanaibadilisha, na uvujaji unabaki palepale. Nati hukazwa kati ya Nm 392 na 490.

Upande wa mbele una hatari yake. Nyuma ya chuma cha kusawazisha kuna beringi ya sindano inayozuia shafti isiende mbele na nyuma. Boliti ya puli ikifunguliwa shafti ikarudi nyuma kidogo, beringi hiyo huteremka, na ukikaza boliti tena inabanwa na kupondeka. Kama injini iko kwenye gari lenye klachi inayosukuma shafti mbele, mtu akanyage klachi muda wote boliti ikiwa imelegea. Mkimaliza kukaza, wekeni geji ya saa kwenye flaiwili, sukumeni shafti mbele na nyuma: mchezo uwe milimita 0.04 hadi 0.07. Ukizidi 0.09, badilisheni spesa, pete inayopanga nafasi hiyo. Ukiwa sifuri, beringi imeshabanwa. Fungueni tena mbele kabla ya kugusa stata.

Fundi wa injini, msomaji wenu