Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Tororo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ofisa wa Afya. Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana chini ya Mwamba wa Tororo. Risala hii tumeiandika kwa Kiswahili makusudi, maana wazazi wengi hapa wanatafuta riziki Malaba, mpakani na Kenya, na lugha hiyo hakuna asiyeielewa.

Mheshimiwa, zamani kazi ya klabu ilikuwa kuimba tu: laleni ndani ya chandarua. Muhula uliopita wenzetu bwenini walilala ndani ya vyandarua, tena wakavichomeka chini ya godoro, na bado malaria ikawalaza. Kisha wakaulizwa kwa ukali walikuwa wakilala wapi. Swali hilo lilituuma. Tukaona afadhali tumhoji mbu mwenyewe.

Tulichota viluwiluwi kwenye mashimo ya matofali nyuma ya shule, wale wa Anopheles, mbu waenezao malaria, wanaolala sambamba na uso wa maji, tukawalea kwenye beseni lililofunikwa. Walipotoka na mabawa, tukawatia kwenye chupa yenye kipande cha chandarua chenye dawa. Haukupita muda wakaanguka chali. Tukapiga makofi! Asubuhi tulipofungua maabara, wengi walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa chupa, makalio juu, kama hawajaguswa.

Chupa yetu si kipimo cha kitaalamu. Hata hivyo, wataalamu nao huhesabu waliokufa baada ya saa 24, si walioanguka. Wakifa chini ya asilimia 90, mbu hao huitwa sugu.

Dawa ya vyandarua ni pairethroidi, sumu ya neva. Kwa mbu sugu, pale sumu inaponasa kwenye neva pamebadilika umbo. Tena ana vimeng'enya vinavyoivunja sumu kabla haijamdhuru. Dawa za ukoo huo huo ndizo tunazopulizia nyanya, na mvua huzishusha hadi kwenye madimbwi wanamokulia viluwiluwi. (Wazazi wenye nyanya mtusamehe, na sisi tunazila.)

Kuna vyandarua vilivyoongezewa PBO, kiambato kinachozuia vimeng'enya hivyo. Vilijaribiwa hapa hapa Uganda, katika ugawaji wa 2017 na 2018, kwenye maeneo 104 ya mashariki na magharibi. Watoto wa maeneo yaliyopata vyandarua hivyo walikutwa na vimelea kwa kiwango kidogo kuliko wa maeneo yaliyopata vya kawaida. Hata hivyo, chandarua cha kawaida kisichotoboka bado ni ukuta kati ya mtu na mbu, kwa hiyo mzazi asiende nyumbani akakigeuza cha kuanikia mukene, yaani dagaa.

Maombi yetu ni machache. Ugawaji ujao utakapofika, tuambiwe chandarua tunachopewa ni cha aina gani na kwa nini. Mafundi wanaokuja kukamata mbu vijijini warudi kutusomea majibu, kwa sababu mpaka leo wakiondoka na chupa zao ndiyo basi. Na mama akileta mtoto mwenye homa, asihukumiwe kwanza kuwa ni mzembe.

Chupa yetu iko juu ya kabati la maabara, mlango wa pili. Tunakuomba upite uione kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanaklabu.