Tunahesabu lita, tunasahau uzao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwaeleze wafugaji wenzangu, na hasa maofisa mifugo wa kata, jambo ambalo halipewi uzito kila tunapozungumzia uhaba wa maziwa. Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ng'ombe akisifiwa husifiwa kwa lita anazotoa kwa siku. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza amezaa lini, na kabla ya hapo alizaa lini.

Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 280, hivyo ili azae kila mwaka hana budi kushika mimba tena ndani ya siku 85 baada ya kuzaa. Katika mabanda yetu mengi nafasi kati ya uzao mmoja na mwingine hupita siku 400, na wapo wanaofika 500. Huyo wa 500, katika miaka sita, atampa mwenyewe ndama wanne badala ya sita, na katikati yake miezi mirefu ya kukamuliwa lita mbili tatu huku akila kama kawaida.

Lawama kwa kawaida humwangukia mhimilishaji, yaani mtaalamu anayempandikiza ng'ombe mbegu ya fahali kwa mrija. Sikatai kwamba mbegu huharibika mtungi unapoachwa ukaishiwa naitrojeni ya kuigandisha, lakini sehemu kubwa ya tatizo imo bandani mwetu. Ng'ombe wa kisasa aliyetoka kuzaa hutoa maziwa yanayodai chakula kingi kuliko anachoweza kula. Hukonda, na mzunguko wake wa uzazi huchelewa kurudi. Ukimlisha migomba iliyokatwakatwa, ambayo sehemu kubwa ni maji, pamoja na mabua yaliyopandishwa kutoka tambarare, bila pumba, mashudu wala madini, usishangae akikaa miezi minne pasipo kuonyesha joto, yaani dalili za kutaka kupandwa.

Na akilionyesha, nani atamwona? Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi na mara nyingi halidumu hata siku nzima, tena huweza kuanza usiku watu wamelala. Ng'ombe aliyefungwa peke yake hana mwenzake wa kumpanda. Wengi wetu hushtuka tunapoona damu mkiani, tukampigia simu mhimilishaji mbio mbio, ilhali damu hiyo hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto kupita. Hata akija na kuhimilisha (na wapo wanaofanya hivyo bila kuuliza lolote), fedha imekwenda bure. Kilichopaswa kuonwa mapema ni ule ute mwangavu, unaovutika kama ute wa yai, ukining'inia ukeni. Anayeonekana hivyo asubuhi ahimilishwe jioni, na wa jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi.

Kutupa mimba kunahitaji barua ya peke yake. Itoshe kusema kwamba anayenunua mtamba mnadani bila kumpima damu anaweza kuingiza bandani ugonjwa wa brusela, ambao hutupisha mimba, na binadamu naye huupata.

Liko pia suala la mbegu tunazochagua. Marekani, uwezo wa ng'ombe wa maziwa wa aina ya Holstein kushika mimba ulishuka kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1960 kwa sababu wafugaji walichagua mafahali kwa maziwa. Ni mwaka 2003 ndipo Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilipoanza kutoa vipimo vya mafahali kwa jinsi mabinti zao wanavyoshika mimba, na baadaye mwelekeo ukageuka. Wanorwei walikwisha kuuingiza uzazi katika uteuzi wao tangu miaka ya 1970. Sisi tunaowalisha ng'ombe kwa taabu kuliko wao ndio tuliopaswa kuuliza habari hiyo kwanza, lakini mfugaji hapa huletewa mrija wa mbegu na kuambiwa tu kwamba fahali huyo ni wa maziwa mengi.

Ninaomba basi Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River kiwape wahimilishaji, kwa Kiswahili, maelezo ya uzazi wa mabinti wa kila fahali ambaye kipimo hicho kipo, nao watusomee kabla hatujalipa. Halmashauri nazo zitoe kadi ya uzazi kwa kila ng'ombe, yenye tarehe ya kuzaa, ya joto, ya kuhimilishwa na ya kupimwa mimba, na ofisa mifugo anayetembelea banda aanze kwa kuiomba kadi hiyo kabla ya kuuliza lita.

Wako,
Mfugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa,
Hai, Kilimanjaro.