Andikeni Majina Kwanza: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaoanzisha Makavazi ya Mitaa Yetu

Kwa vijana wa Kariokor, Ziwani, Pumwani, Eastleigh na mitaa ya jirani hapa Nairobi,

Salamu nyingi, wanangu na wajukuu zangu. Nimeusoma mpango wenu mlionipa niutazame, nami nimeona heri niwajibu hadharani, kwa maana jambo mnalotaka kulifanya linazihusu nyumba nyingi kuliko zile mlizokwisha kuzitembelea, na wazee wenzangu wenye masanduku ya karatasi chini ya vitanda wanastahili kuyasikia mashauri haya pamoja nanyi. Mmesema mnataka kukusanya mambo matatu mahali pamoja: habari za askari waliotoka katika mitaa hii, habari za Wakenya waliofanya kazi za anga za juu, na habari za familia. Nimesikia kwamba wapo waliowaambia kuwa mambo hayo hayapatani. Mimi naona yanapatana, kwa sababu katika yote matatu kinachopotea ni kile kile, nacho ni majina ya watu walioifanya kazi. Kwa hiyo shauri langu kubwa ni kwamba kazi ya kwanza ya makavazi yenu, yaani hifadhi yenu ya kumbukumbu, iwe kuandika majina, kabla ya kununua skana, kabla ya kutafuta chumba, na kabla ya kufikiria maonyesho ya aina yoyote.

Nendeni Kenyatta Avenue mkaitazame ile kumbukumbu ya watu watatu wa shaba, iliyozinduliwa mwaka wa 1928 kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Izungukeni kumbukumbu hiyo yote, hamtaona jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita hivyo na baada yake, wakiwemo wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa kwa namna iliyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa mwisho walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Kambi ya wapagazi wa Carrier Corps ilikuwa hapa hapa Kariokor, ambapo leo tunakula nyama choma na kununua vyondo, na kati ya waliopita hapo, waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Madaftari yalikuwepo, lakini majina yaliandikwa ovyo, mara nyingi na watu wasioijua lugha ya aliyesimama mbele yao, na vita vilipokwisha mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao kwa kuwa wenyewe hawakuweza kutambuliwa. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili. Jina lililoandikwa vibaya lilimnyima mjane haki yake, na mjane huyo ni nyanya ya mtu mnayemjua.

Linganisheni na makaburi ya vita ya Ngong Road. Pale ipo kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki wa Vita vya Pili wasio na makaburi yanayojulikana, wakiwemo wapiga mizinga waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Wajapani ikiwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo. Zaidi ya watu 1,200 walikufa siku hiyo. Mjukuu wa mpiga mizinga anaweza kwenda Ngong Road akaliona jina la babu yake. Mjukuu wa mpagazi hana pa kwenda, na mkifanya kazi yenu sawasawa atakuwa na pa kwenda.

Sasa niseme jinsi ya kuyaandika majina hayo, maana hapa nina ujuzi wa kazi; nilikuwa karani wa masjala hadi nilipostaafu. Jirani yangu mmoja, sasa ni marehemu, aliwahi kunionyesha kijitabu cha baba yake cha kuachishwa jeshi, baba ambaye alitumikia King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, hadi Burma. Ndani yake mlikuwa na nambari ya askari, cheo, jina la chifu wake, alama ya dole gumba, na mstari mmoja wa ofisa akieleza tabia yake. Jina lililoandikwa humo si lile ambalo familia ilimwita, na katika cheti cha baadaye limeandikwa kwa namna ya tatu. Kijana mwenye haraka angesahihisha yote matatu yafanane. Msifanye hivyo kamwe. Andikeni kila jina kama lilivyo katika karatasi yake, kisha mwandike lile la nyumbani, kisha mwandike nani aliwaambia kwamba hawa wote ni mtu mmoja, na lini. Atakayekuja kutafuta miaka 50 ijayo atakuwa na moja tu kati ya majina hayo, na hamwezi kujua ni lipi. Nambari ya jeshi msiiache kamwe, kwa kuwa majina yaligeuka kutoka karatasi hadi karatasi lakini nambari haikugeuka kwa urahisi hivyo. Vivyo hivyo kwa kipande, kitambulisho cha kikoloni ambacho baada ya Vita vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa ametimiza miaka 16 alilazimishwa kukibeba: karatasi yake ina waajiri, mishahara na tarehe, na kwa familia nyingi ndiyo maandishi ya kwanza kabisa yanayomtaja babu yao. Najua wapo wasiotaka kukiona kwa sababu ya udhalilishaji wake, na wana haki ya uchungu huo. Waombeni kwa upole.

Katika picha, ulizeni habari za wanawake. Nimeona picha nyingi za familia za kambini, Kahawa na Lang'ata, ambapo nyuma pameandikwa cheo na jina la mume, na mke akaachwa kuwa mke wa sajini. Yeye ndiye aliyelea watoto mume alipokuwa Namibia mwaka wa 1989 au Yugoslavia miaka iliyofuata akilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, na mara nyingi ndiye aliyezihifadhi barua. Ana jina, na baba yake na mama yake wana majina. Yaandikeni.

Kuhusu anga za juu, msidhani kwamba ni mambo ya Marekani na Uingereza peke yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku tuliyokuwa tukiadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002 kwa mchango wake katika elimu hiyo. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Majina ya wanasayansi Waitaliano na Wamarekani yamo vitabuni. Lakini jukwaa lililo katikati ya bahari halijiendeshi: lilihitaji manahodha wa mashua, wapishi, mafundi wa kuchomelea vyuma, walinzi, madereva na makarani, na watoto wa baadhi yao wanaishi Nairobi leo. Katika nyumba ya mmoja wao mtapata labda kitambulisho cha kazi, picha moja ya baba amesimama kwenye gati, na hati ya mshahara. Hivyo vitatu vikiwa na jina, tarehe na kazi aliyoifanya vina thamani kubwa, na visipokuwa na maelezo hayo havitamfaa mtu yeyote.

Wahandisi wetu wa leo wako katika hatari kubwa zaidi, ingawa wao wenyewe hawaioni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza satelaiti ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi wa Mei 2018, na tarehe 15 Aprili 2023 satelaiti ya Kenya ya Taifa-1 ikarushwa kutoka California kwa roketi ya SpaceX. Kumbukumbu za vijana waliofanya kazi hizo ziko katika simu, barua pepe na makundi ya WhatsApp. Karatasi ya mwaka wa 1944 imeishi ndani ya bati hadi leo, lakini picha iliyo katika simu iliyoibwa kwenye matatu haipo tena. Waombeni nakala sasa wangali vijana, na kwa kuwa picha ya simu haina mgongo wa kuandikia, jina la waliomo liandikwe katika jina la faili lenyewe na katika daftari pia.

Hapa nawaomba muwe waangalifu sana. Historia ya jeshi katika mji huu si ya nishani peke yake. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa mmoja msituni na Mau Mau na mwingine katika King's African Rifles au Home Guard, walinzi wa vijijini waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni, na watoto wao leo wanakaa ploti moja. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali, jeshi hilo likavunjwa, na vijana wengi waliofungwa au kuachishwa kazi walikuwa wa Eastleigh na Embakasi. Si kila mmoja wao alikuwa na hatia, na si kila familia iko tayari kusema. Mtu akiwapa habari na kusema zisifunguliwe hadi yeye na mkewe watakapokufa, andikeni sharti hilo juu ya jalada na mlitii, hata kama mwandishi wa gazeti anawabembeleza. Makavazi ya Taifa yenyewe kwa kawaida hufungua nyaraka za serikali baada ya miaka 30. Nanyi mkiwa na kipimo chenu hakuna wa kuwalaumu. Habari za askari walio kazini leo, vikosi vyao na mahali walipo, msizipokee hata kidogo.

Karatasi zibaki kwa wenyewe. Zipigeni picha au mzipitishe kwenye skana mbele ya mwenye nyumba, mzirudishe siku hiyo hiyo, na mwachieni stakabadhi. Mnajua kwamba Waingereza walipoondoka mwaka wa 1963 walichukua takribani majalada 1,500 yaliyoihusu Kenya, yakafichwa Uingereza hadi yalipofichuliwa mwaka wa 2011 katika kesi ya wazee wa Mau Mau, na mwaka wa 2013 serikali yao ikakubali kuwalipa wazee 5,228 fidia. Katika kesi ile karatasi zilikuwa ushahidi. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walikuwa askari, walipata hati ya kumiliki ekari 288 mwaka wa 2017 baada ya kuidai ardhi yao kwa zaidi ya karne. Mwenye karatasi anajua kwamba ina nguvu, kwa hiyo mkimwomba awaachie ya asili ataogopa, na ataogopa kwa haki.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Selotepu ni adui. Nimeona barua ambazo selotepu yake iligeuka rangi ya kahawia ikang'oka na wino wote. Msipeleke cheti kikafanyiwe laminesheni, kwa kuwa hakitatoka tena. Toeni pini na klipu za chuma kabla hazijashika kutu, andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini pembeni, wala si kwa kalamu ya wino, na sanduku liinuliwe kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na mafuriko, ambayo sisi wa kando ya Mto Nairobi hatuhitaji kuelezwa. Nakala ziwe tatu, na moja isikae katika mtaa huu.

Lipo jambo moja ambalo mpango wenu haukulitaja. Vikundi vya vijana huvunjika: mmoja anaoa, mwingine anapata kazi Qatar, kodi ya chumba inashindikana. Kabla ya kupokea nakala ya kwanza, fanyeni mapatano ya maandishi na Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue, au na maktaba ya chuo kikuu, kwamba mkivunjika kila kitu kitahamia huko pamoja na masharti yake. Mzee atakayewauliza swali hilo mlangoni atakuwa na haki ya kupewa jibu.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vya Burma vilipokwisha mwaka wa 1945 alizaliwa mwaka wa 1927. Hesabuni wenyewe. Askari hao karibu wote wamekwenda, lakini wajane wao na watoto wao wa kwanza wapo, nami nimewaandalia orodha ya nyumba za kuanzia Ziwani na Kariokor, kwa ruhusa yao. Watatu kati yao wanachoka mapema, kwa hiyo nendeni kabla ya saa nne asubuhi, nendeni wawili wawili, mmoja awe msichana, na daftari la majina liwe mkononi hata mkisahau kila kitu kingine.

Wenu katika kazi hii,
Mzee wa Ziwani, Nairobi