Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Uwanjani Kuingia Wodini

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe baada yangu, kwa hiyo sitazigusa. Kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka ni mwongozo wa mwanachama anayeshindana michezoni huku akisomea au akitumikia fani ya afya. Wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fiziotherapia waliotuandikia waliuliza jambo moja: nikimbie mpaka lini, na nitatokaje bila kuuharibu mwili wala masomo?

Kamati ilianza kwa kuchambua maisha ya mtu ambaye habari zake zinajulikana tangu mwanzo hadi mwisho, Roger Bannister wa Uingereza. Alizaliwa Machi 1929, akafariki Machi 2018 akiwa na miaka 88. Dunia inamkumbuka kwa jioni ya tarehe 6 Mei 1954, uwanja wa Iffley Road, Oxford, alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne: 3:59.4. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa hospitalini London, kwani alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha hospitali ya St Mary's.

Kilichotuvutia zaidi ni ratiba yake. Alifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, kwa muda usiofika saa moja. Zoezi kuu lilikuwa kukimbia yadi 440 (kama mita 400, robo ya maili) mara kumi, akipumzika kama dakika mbili kati ya mkimbio na mkimbio. Majira ya baridi ya kabla ya rekodi kila mkimbio ulichukua sekunde 66. Kufikia Aprili ulishuka hadi 61, kisha ukagoma hapo hapo. Hakuongeza dozi ya mazoezi. Alikwenda Scotland na mwenzake Chris Brasher wakapanda milima kwa siku chache, akarudi akakimbia kwa sekunde 59. Sisi tunaowahudumia wanamichezo tunaijua hali hiyo: uchovu uliolimbikizana huficha uwezo ambao tayari umejengwa, na kuongeza kazi wakati huo huzidi kuufukia. Mwanachama akiona muda wake umesimama kwa wiki mbili au tatu huku usingizi ukiharibika na mapigo ya moyo ya asubuhi yakipanda, apunguze mazoezi kabla ya kitu kingine chochote.

Mgawanyo wa mizunguko yake nao una somo. Wa kwanza sekunde 57.5, wa pili 60.7, wa tatu 62.3, wa nne 58.9. Brasher aliongoza mwanzoni, Chris Chataway akapokea, na Bannister akampita Chataway katika mzunguko wa mwisho. Uwanja ulitandikwa makapi ya makaa ya mawe, yanayoganda kwenye misumari ya njumu na kuvifanya viatu kuwa vizito. Aliinoa misumari maabara ya hospitali na kuipaka grafiti, ile kaboni nyeusi yenye utelezi iliyomo kwenye penseli, ili makapi yasishike. Vijana wanaosubiri viatu vya bei kubwa wajifunze kwanza kuvitunza vile walivyo navyo.

Rekodi yenyewe haikudumu. John Landy wa Australia aliivunja Juni mwaka ule ule, na mwaka 1975 Filbert Bayi wa Tanzania alishaifikisha 3:51.0 mjini Kingston. Bannister alimshinda Landy mjini Vancouver, Kanada, mwezi Agosti 1954, akachukua dhahabu ya mita 1500 ya Ulaya mjini Bern, kisha mwaka 1954 ulipoisha akaacha mashindano. Alikuwa na miaka 25. Kamati inaona huu ndio uamuzi uliojenga yote yaliyofuata: alikuwa na tarehe ya kutoka, na mafunzo ya hospitali yalikuwa yakimsubiri. Mwaka 1955 alimwoa Moyra Jacobsson, mchoraji, wakapata watoto wanne.

Kwa miongo iliyofuata alikuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu London. Alijikita katika ule mfumo wa fahamu unaoendesha mapigo ya moyo, jasho na shinikizo la damu bila sisi kuamua. Mwenyewe aliithamini kazi hiyo kuliko rekodi. Mapema miaka ya 1970 akiwa mwenyekiti wa baraza la michezo la Uingereza alisukuma utafiti wa kipimo cha steroidi, dawa za kukuza misuli zinazokatazwa michezoni, kipimo kilichotumika rasmi kwenye Olimpiki ya Montreal 1976. Ajali ya gari ya mwaka 1975 ilimkatisha kukimbia. Mwaka 2011 aligundulika kuwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ukakamavu wa mwili, yaani ugonjwa wa fani yake mwenyewe.

Kutokana na eneo hilo la tiba, semina yetu ya vitendo mwaka huu ilihusu kizunguzungu cha kusimama, yaani shinikizo la damu kushuka mtu anaposimama. Nairudia hatua kwa hatua kwa waliokosa. Mgonjwa alale chali dakika tano, pima shinikizo. Asimame, pima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kipimo kimeonyesha tatizo. Kosa tulilolikuta mara nyingi ni kupima mgonjwa akiwa ameketi na kuhesabu hiyo kuwa ndiyo kulala. Mshuko hupungua na tatizo hupita bila kuonekana. Kosa jingine ni kuuacha mkono uning'inie wakati wa kusimama, jambo linalopandisha kipimo. Mkono ushikiliwe usawa wa moyo.

Sasa mwongozo wenyewe. Anayestaafu mashindano asikate mazoezi siku moja. Kiasi cha maji ya damu huanza kupungua ndani ya siku chache, na uwezo wa pumzi hushuka ndani ya wiki chache. Tunapendekeza apunguze kidogo kidogo kwa wiki nane hadi kumi na mbili, akibakiza siku mbili za kasi kwa wiki, mpaka atulie kwenye kiwango cha Shirika la Afya Duniani: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili.

Kwenye chakula ndipo wengi hujikwaa. Kukimbia hutumia takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 aliyekimbia kilomita 100 kwa wiki alikuwa akichoma kama 6,000, yaani zaidi ya 850 kwa siku. Njaa haipungui kwa kasi ile ile ya mazoezi, kwa hiyo sahani ipunguzwe kwa makusudi, wanga na mafuta kwanza, protini ibaki.

Kwa walio zamu: baada ya zamu ya usiku, usingizi kwanza. Zoezi la kasi lisubiri kesho yake.

Kamati inaomba mkutano upitishe hoja moja: kila mwanachama anayeshindana awe na mpango wa kutoka ulioandikwa, wenye mwaka anaolenga, hatua ya masomo au ajira inayomsubiri, na jina la mwanachama mkongwe atakayemfuatilia kwa miezi 12 ya kwanza. Mwenza wake wa ndoa, kama yupo, ausome na kuutia sahihi pia, maana saa zinazorudi kutoka uwanjani zisipopangwa nyumbani humezwa zote na hospitali. Fomu ziko kwa katibu, na kura itapigwa mara baada ya taarifa ya mweka hazina.